Sahani Nyembamba Iliyomzuia Koplo Njiani

Kwa muda wa wiki saba za mwaka 2019, gari moja aina ya Toyota Prado lilikaa juu ya magogo katika gereji moja ya Katwe, mjini Kampala, giaboksi yake imelazwa kando juu ya gunia. Injini ilikuwa nzima. Giaboksi nayo ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni sahani moja ya chuma, unene wake milimita tatu hivi, ambayo kazi yake ni kuiunganisha injini na giaboksi ya otomatiki zikazunguka kama kitu kimoja. Walioibuni waliipa jina la fleksipleti, nasi tutaiita hivyo hivyo katika ukurasa huu, maana hata huko Katwe, ambako kila kipande cha gari kina jina lake la kienyeji, mtu akiitaka hii huishia kuonyesha kwa vidole viwili vya mikono akichora duara hewani.

Mwenye gari ni koplo mstaafu wa jeshi, mkazi wa Mubende, aliyeniomba nisilitaje jina lake. Mwaka 2003 alikanyaga bomu lililotegwa ardhini kaskazini mwa nchi, akaupoteza mguu wake wa kushoto chini ya goti. Wasomaji wetu wengi wanakifahamu kituo cha jeshi kilichoko Mubende, ambako majeruhi hutunzwa na kufundishwa kazi za mikono. Huko ndiko alikojifunza kutembea upya, na baadaye akajenga nyumba si mbali na hapo. Kwa miaka mingi aliendesha gari la gia za mkono akiukanyaga klachi kwa mguu wa bandia. Jambo hilo lawezekana barabara ikiwa wazi na gari likiwa limekwisha kushika mwendo. Lakini yeyote aliyewahi kuingia Kampala kutoka Busega jioni, magari yamebanana kama dagaa katika mkebe, anajua klachi hukanyagwa mara ngapi kabla ya kupita Nateete. Koplo alikuwa akifika nyumbani na kigutu kimechubuka, pengine kinatoka damu.

Ndipo alipokata shauri la kuondoa giaboksi ya mkono na kutia ya otomatiki. Gari lake lina injini ya dizeli ya 1KZ-TE, silinda nne, ujazo wa sentimita 2,982. Na kiwanda cha Toyota kiliuza magari ya namna hiyo hiyo yakiwa na gia za mkono na mengine yakiwa na otomatiki. Kwa hiyo hakuwa anatafuta muujiza. Alikuwa anataka tu gari lake liwe kama ndugu yake wa tumbo moja. Akatumia akiba ya miaka miwili, akanunua giaboksi, akaipeleka kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja, naye akaifunga kwa siku nne.

Gari lilikwenda vizuri wiki tatu. Wiki ya nne ukaanza mlio: ko, ko, ko, injini ikiwa imesimama pale pale bila mwendo, kama mtu anayegonga mlango wa bati kwa kidole. Ukikanyaga mafuta mlio ulipungua, ukiachia ulirudi. Fundi yule alisikiliza kwa bisibisi iliyowekwa sikioni, akatikisa kichwa, akasema beringi za kranki zimekwisha na injini imekufa, akamshauri Koplo atafute injini nyingine. Hebu fikirini, ndugu askari. Mtu ametoa akiba yake yote, na sasa anaambiwa aanze upya na kitu cha ghali kuliko kile cha kwanza.

Aliyemwokoa ni sajini mstaafu wa kikosi cha usafirishaji, mwenye gereji ndogo Katwe, ambaye mimi namjua tangu siku za kupanda malori yake kwenda kazini. Gari lilivutwa hadi kwake kwa kamba. Sajini hakuligusa bonde la mafuta ya injini wala hakufungua kitu kikubwa. Alilala chini ya gari, akafungua kifuniko kidogo kilichoko chini ya kengele ya giaboksi, akatia tochi, akamwambia kijana wake aizungushe injini kwa spana taratibu. Baada ya robo mzunguko akacheka.

"Koplo," alisema akiwa bado chini, "injini yako haijafa. Njoo uone."

"Afande, mimi kulala chini ni kazi," akajibu Koplo, lakini alilala.

Ufa ulikuwa umeizunguka fleksipleti karibu nusu, ukifuata mstari wa bolti zinazoifunga kwenye kranki, kama mtu aliyechora duara kwa kalamu. Kila injini ilipotetemeka, kipande cha nje kilicheza juu ya kipande cha ndani, na huo ndio uliokuwa mlio. Sajini aliniambia kwamba amekwisha kuona injini kadhaa zikifunguliwa bure kwa kosa hili, kwa sababu mlio wa fleksipleti iliyopasuka na mlio wa beringi iliyolika hufanana sana kwa sikio lisilo na subira. Yeye hutafuta tofauti kwa njia rahisi: kabla ya kumhukumu mtu, fungua kidirisha na utazame. Kazi ya dakika kumi na tano.

Sasa hapana budi tueleze sahani hii ni kitu gani, maana askari wengi wamejifunza kuendesha katika malori na Land Rover za gia za mkono, na huko haimo. Katika gari la mkono, nyuma ya kranki kuna fulaiwili, gurudumu zito la chuma lenye uso laini ambao klachi huugandamia. Uzito wake huifanya injini izunguke bila kushtuka-shtuka. Katika gari la otomatiki hakuna klachi ya mguu. Mahali pake pana konveta, mfano wa boga kubwa la chuma lililojaa mafuta, na ndani yake mapanga yanayotazamana: injini huzungusha mapanga ya upande mmoja, hayo huyasukuma mafuta, na mafuta huyasukuma mapanga ya upande wa pili yaliyoshikana na giaboksi. Boga hilo lenyewe ni zito la kutosha kufanya kazi ya fulaiwili. Kwa hiyo kati ya kranki na konveta hakihitajiki tena chuma kizito, bali kiungo chembamba chenye nguvu ya kuzungusha na ulaini wa kupinda.

Kupinda huko si udhaifu. Mafuta yanapopata moto na shinikizo kupanda, konveta hufura kidogo na kusogea mbele na nyuma. Kama ingefungwa kwenye chuma kigumu kisichokubali, nguvu hiyo ingeirudia kranki na beringi zake, au ingeigandamiza pampu ya mafuta iliyoko mdomoni mwa giaboksi. Fleksipleti huinama kidogo na kurudi, mara nyingi katika kila safari, na hufanya hivyo miaka ishirini bila kulalamika, mradi imefungwa kama alivyokusudia aliyeibuni. Tena ukingoni mwake umezungushwa mkanda wa meno, ambao stata huushika ili kuiamsha injini. Sahani moja, basi, ina kazi tatu: kubeba nguvu, kuinama, na kuamshwa.

Wapo watakaosema otomatiki ni starehe ya raia. Hao hawajasoma historia ya zana. Mjerumani Hermann Föttinger aliandikisha uvumbuzi wake wa kupitisha nguvu kwa mafuta mwaka 1905, akikusudia meli kubwa. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza giaboksi yake ya otomatiki, Hydra-Matic, katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na miaka miwili tu baadaye giaboksi hiyo ilikuwa ndani ya kifaru chepesi cha M5, kila kifaru kikiwa na injini mbili za Cadillac na Hydra-Matic mbili. Kifaru cha M24 kilichofuata kilikuwa na mpango huo huo. Humvee nayo, gari la jeshi la Marekani linalojulikana na kila askari, ilizaliwa na giaboksi ya otomatiki ya gia tatu. Dereva mwenye kuogopa risasi hana mguu wa kuhangaika na klachi, na asiye na mguu wa kushoto kabisa ana haki zaidi ya kuikwepa.

Turudi Katwe. Sajini aliishusha giaboksi, akaitoa sahani iliyopasuka, akaanza kuuliza maswali kama mpelelezi aliyekuta maiti. Kwa nini imepasuka kwa wiki nne kitu kinachostahili kuishi miaka ishirini? Jibu alilipata katika bolti. Fundi wa kwanza, alipoitoa fulaiwili, alizihifadhi bolti zake, akazitumia tena kuifunga fleksipleti. Lakini fulaiwili ni nene na bolti zake ni ndefu kwa sababu hiyo. Fleksipleti ni nyembamba na bolti zake ni fupi. Bolti ndefu ilipoingia ilifika mwisho wa tundu la kranki kabla kichwa chake hakijaibana sahani sawasawa. Spana ikagoma, fundi akadhani imekaza, kumbe imegota. Aidha, Toyota hufunga sahani hii ikiwa katikati ya pete mbili za chuma, moja mbele na moja nyuma, ili shinikizo la bolti lisambae. Pete ya nyuma haikuwamo kabisa. Kila mlipuko wa dizeli katika silinda uliitikisa sahani ile iliyofungwa nusu, na chuma hakina miujiza.

Sajini aligundua na jambo la tatu. Pini mbili ndogo, zinazotoka kwenye uso wa injini ili kuiongoza kengele ya giaboksi ikae mahali pake hasa, zilikuwa moja tu. Nyingine ilipotea zamani. Bila pini, giaboksi huweza kukaa pembeni kwa upana wa unywele au zaidi, bolti zikakaza, macho yasione kitu. Lakini konveta na kranki hazizunguki tena katika mstari mmoja, na sahani iliyo katikati hukunjwa kila mzunguko. Hesabu mizunguko elfu mbili kwa dakika, halafu safari ya Mubende ya saa tatu.

Ikabidi itafutwe fleksipleti nyingine. Hapa ndipo nilipomfuata Sajini mguu kwa mguu, siku mbili, kutoka Katwe hadi Ndeeba, na kutoka Ndeeba hadi soko la Kisekka.

Nani asiyelijua soko la Kisekka? Limebeba jina la Dakta Samson Kisekka, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 1986 hadi 1991, na kwa miaka mingi limekuwa tumbo la magari ya Kampala: kilichotoka katika gari la Kijapani huingia humo, na kinachohitajika hutoka humo. Ustadi huu haukuanguka kutoka mbinguni. Wazee wa Katwe hukumbuka mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku tisini waondoke nchini, maduka ya spea yakafungwa au yakabaki matupu, na mafundi wakalazimika kutengeneza walichozoea kununua. Yalipoanza kufurika magari yaliyotumika kutoka Japani, wengine wakipitia Dubai kuyaleta, mikono ilikwisha kujua chuma. Tangu mwaka 2018 sheria imekataza kuingiza nchini gari lenye umri wa zaidi ya miaka kumi na mitano, kwa hiyo Prado za rika la Koplo haziingii tena zikiwa kamili. Aitakaye kipande chake hukitegemea kilichoko nchini tayari au kilichofika kimefungwa na injini yake.

Sajini hakuenda sokoni mikono mitupu. Usiku wa kuamkia siku hiyo alichukua kipande cha karatasi ngumu, akaupaka uso wa nyuma wa kranki grisi nyepesi, akaigandamiza karatasi juu yake. Karatasi ikatoka na picha halisi: duara la kitovu katikati, na mahali pa kila bolti. Bolti hizo huwa hazikupangwa sawa daima. Injini nyingi huwekewa tundu moja lililosogezwa makusudi, ili sahani isikubali kuingia ila kwa namna moja. Akatengeneza karatasi ya pili kutoka upande wa konveta, yenye tundu sita. Akapima kipenyo cha kitovu kwa kaliperi, akayahesabu meno ya ile sahani iliyopasuka, akapima kina chake kwa kuilaza mezani na kuweka rula juu. Yote akayaandika nyuma ya bahasha. Nilipomwuliza kwa nini hachukui tu sahani ya zamani kuwa mfano, alinijibu kwamba ameichukua, imo mfukoni mwa gunia, lakini mfano hausemi kama wenyewe ulikuwa sahihi.

Neno hilo lilinikaa. Waama, fundi wa kwanza angeweza kuwa amefunga sahani isiyo yake, na sisi tungezunguka Kampala nzima kutafuta kosa la pili lifananalo na la kwanza.

Duka la kwanza walitupa sahani nzuri inayong'aa. Muuzaji, kijana mwenye adabu, aliapa kwamba ni ya Prado. Kweli ilikuwa ya Prado, lakini ya injini ya petroli. Karatasi ilipowekwa juu yake, bolti za konveta zilikubali zote sita, za kranki zikakataa. Hili ndilo fumbo linalowapoteza wengi: giaboksi za Toyota za ukoo wa A340 zilifungwa nyuma ya injini nyingi, za petroli na za dizeli, zikabadilishiwa kengele ya mbele na konveta kulingana na injini. Mtu akiona upande mmoja umeingia hufurahi, husahau kwamba sahani ni mjumbe kati ya nyumba mbili na lazima ijue lugha za zote mbili.

Duka la pili, meno hayakulingana. Hili la meno lina mifano hata Marekani, nchi ambayo otomatiki imekuwa ya kawaida kwa vizazi. Injini ndogo ya Chevrolet ya V8 ina sahani za namna mbili, ya meno 153 na ya meno 168, na kila moja ina stata inayosimama mahali pake. Ukikosea, stata ama husaga meno ama huzunguka peke yake hewani. Tena injini hiyo hiyo ya ujazo wa inchi 350, ilipobadilishwa sili ya nyuma ya kranki mwaka 1986, ilianza kuhitaji sahani yenye kizito kilichochomelewa upande mmoja ili kuisawazisha. Ukiifunga sahani ya miaka ya nyuma, inaingia vizuri kabisa na gari hutetemeka kama lenye homa. Injini ya Koplo haina tatizo la kizito, lakini Sajini aliipindua kila sahani na kuitazama uso wake kwanza. Mazoea, alisema.

Duka la tatu mzee mmoja alitutoa kitini tukae, akauliza swali ambalo wengine hawakuuliza: nambari ya fremu ya gari. Toyota huipa kila spea nambari ya tarakimu kumi, tano za kwanza zikitaja aina ya kitu na zinazofuata zikitaja ni cha gari gani. Fleksipleti yenye mkanda wake wa meno huanza na 32101. Mzee alizitafuta tarakimu zilizobaki kwa simu, akaziandika mkononi mwake kwa kalamu, akaingia nyuma. Ilichukua saa nzima. Akatoka na sahani mbili zenye kutu nyepesi, zote zimetoka katika injini za 1KZ zilizokuja na otomatiki zake. Karatasi zote mbili zikakubali. Kitovu kikakubali. Meno yakakubali.

Nilidhani kazi imekwisha. Sajini aliomba mafuta ya taa.

Hapo alifanya jaribio ambalo nalieleza kwa urefu kwa sababu halihitaji chombo cha bei kubwa na laweza kufanywa katika kambi yoyote. Kwanza aliitundika kila sahani kwa uzi na kuigonga kwa spana ndogo. Ya kwanza ililia kama kengele ya shule. Ya pili ililia kwa sauti fupi iliyokufa haraka. Lakini hakuishia hapo, kwani sikio hudanganya sokoni penye kelele. Alizisugua zote mbili kwa brashi, akazipaka mafuta ya taa, akaziacha muda wa kunywa chai. Kisha akazikausha kwa kitambaa hadi zikawa kavu kabisa, akasugua chaki nyeupe kuzunguka tundu za bolti. Baada ya dakika chache, kwenye sahani ya pili chaki ikaonyesha mstari mwembamba wa unyevu kati ya tundu mbili, mwembamba kama uzi wa buibui: mafuta ya taa yaliyojificha katika ufa yalikuwa yanatoka. Mzee mwenye duka alitazama, akaichukua sahani ile, akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu mbele yetu bila kusema neno. Nilimheshimu kwa hilo.

Kijana mmoja aliyekuwa akitazama alituambia ufa kama huo huchomelewa. Sajini, ambaye ni mpole, alikasirika kidogo. Mafundi wa Katwe huchomelea kila kitu, tena vizuri. Lakini sahani hii huishi kwa kuinama, na mahali palipochomelewa huwa pagumu na kando yake hudhoofika, tena moto huipinda isiwe bapa tena. Pete ya nafasi au pete ya kitovu unaweza kuichonga kwenye mashine ya mzinga hapo Katwe, na yeye amechongesha nyingi. Sahani yenyewe, hapana.

Alinunua ile nzima, pamoja na pete zake mbili za chuma na bolti zake fupi zilizotoka katika injini ile ile, akadai risiti yenye jina la duka na nambari ya kibanda. Askari polisi wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuelezwa risiti ya spea kuukuu ni ya nini.

Kufunga kulichukua siku moja na nusu. Kwanza ilitolewa beringi ndogo iliyokuwa katikati ya kranki, ambayo katika gari la mkono huishika ncha ya shafti ya giaboksi. Fundi wa kwanza aliiacha, ilhali tundu hilo ndimo kinamotakiwa kuingia kitovu cha konveta. Pini iliyopotea ikawekwa nyingine. Sahani ikafungwa, uso uliotakiwa kuitazama injini ukiitazama injini, bolti zikakazwa kwa mkingamano, moja hapa na moja ng'ambo, kwa spana yenye kipimo cha nguvu.

Kisha konveta. Hapa ndipo mafundi wengi wenye haraka huua giaboksi. Konveta lazima iingie mdomoni mwa giaboksi hatua tatu, maana ndani mna vitu vitatu vya kushikana nayo, na cha mwisho ni meno ya pampu ya mafuta. Sajini aliizungusha huku akiisukuma taratibu, akihesabu kwa sauti kila iliposhuka: moja, mbili, ya tatu ilikawia, akazungusha tena, ikashuka kwa mlio mzito. Akaweka rula ndefu juu ya mdomo wa kengele, akapima imeingia kiasi gani. Giaboksi ilipoinuliwa na kengele kugusana na injini kwa mkono tu, bila bolti kuvuta, konveta ilikuwa bado inazunguka huru, na kati yake na sahani palikuwa na nafasi ya milimita nne. Nafasi ya milimita tatu hadi tano ndiyo anayoitaka. Pasipokuwa na nafasi yoyote, ujue konveta haijaingia yote, na bolti za kengele zikikazwa kwa nguvu kitakachovunjika ni pampu. Injini ikizungushwa kwa mkono na kugoma, vivyo hivyo: fungua, anza upya.

Bolti sita za konveta huingizwa moja moja kupitia kile kidirisha cha chini, injini ikizungushwa. Katika giaboksi nyingi za Toyota moja kati ya hizo ina rangi tofauti, nayo ndiyo hutangulia kwa sababu ndiyo inayoiweka konveta mahali pake. Urefu wake nao usibadilishwe. Bolti ndefu hapa hulitoboa au kulibonyeza boga kutoka nje. Sajini alizipima zote sita kwenye ukucha wa kidole gumba, kisha, kwa kuwa nilikuwa naandika, akazipima tena kwa kaliperi.

Mengine niyapitie upesi. Bomba za kupoza mafuta ya giaboksi zilikuwa zimefungwa tayari na fundi wa kwanza, tena vizuri, ni haki kusema hivyo. Waya na kichwa cha umeme kinachoamrisha gia vilikuwa vya gari la otomatiki. Swichi inayoizuia stata isilie gari likiwa kwenye gia ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya. Sajini aliikata waya ile na kuiunganisha swichi, akasema Koplo ana watoto, na mtoto akichezea ufunguo gari lisimrukie mama yake uani.

Injini iliwaka saa kumi alasiri. Hakuna aliyesema kitu kwa dakika moja nzima, tulisikiliza. Dizeli ya 1KZ ina kelele zake za kawaida, lakini ule mlio wa mlango wa bati haukuwamo. Koplo alipanda, akaegemeza mguu wake wa bandia pembeni ambako hauna kazi, akaweka gia ya D, gari likaanza kutambaa lenyewe kuelekea lango. Akafunga breki, akatutazama kupitia dirishani, akaondoka kupitia Ndeeba na Nateete, saa ile ile ya foleni.

Sajini alikuwa amemwagiza arudi baada ya kilomita elfu moja. Alirudi baada ya wiki tano, akiwa na mkungu wa matoke nyuma ya gari. Sajini alilala chini, akafungua kile kidirisha, akatia tochi, kijana akazungusha injini taratibu. Koplo naye alilala chini bila kuambiwa. Walizihesabu pamoja bolti zote sita, kisha wakatazama duara la katikati, kisha Sajini akarudisha kifuniko na kuomba maji ya kunawa mikono.